Mizani ya Okapel

Treni ya mwisho kusimama hapa
ilishusha magunia ya chumvi, mbuzi wawili,
na fundi saa aliyekosea stesheni,
akabaki, akaoa.
Huyo ni babu yangu. Kwa hiyo nikisema
sisi wengine ni watoto wa kosa la reli,
sitafuti methali.

Kisha reli ikalala.
Nyasi zikaota kati ya mataruma,
mabati yakaondoka usiku, moja moja
(tunayajua yalipo; mengine yamefunika kanisa),
kengele ikahamia shule,
benchi likaenda kwa Ikwap, anakouza ajon,
na wazee wakiwa na mirija yao mdomoni
bado husogeana pale,
kana kwamba atapanda abiria mwingine.

Mizani peke yake haikubebeka.
Chuma kitupu, kimo cha ndama,
boliti nne zimeuma saruji.
Wanaume waliijia na nyundo,
wakaitukana mama yake, wakaenda zao.

Sasa habari ya machungwa.
Mwaka ule miti ilizaa hadi matawi yakataka magongo.
Lori likaja kutoka Mbale. Tajiri hakushuka,
aliyapima magunia kwa jicho, dirishani:
"Themanini. Themanini. Themanini."
Magunia ya lumbesa, yameshonewa kilemba cha nyasi,
na wewe unasema themanini?
"Haya," akasema, "yaacheni yaoze."

Nayo yakaoza.
Mji mzima ulinuka utamu,
nyuki walilewa,
na Januari watoto walirudishwa nyumbani kwa ada.

Asekenye ndiye aliyeikumbuka.
Alikuja na msasa, mafuta ya taa, kisu cha jikoni,
akaikwangua siku tatu.
Tulimcheka. Mimi pia,
na mimi ndiye mwalimu wa hesabu.
Siku ya nne akapandisha mfuko mzima wa saruji.
Mkono wa mizani ukatetemeka, ukapanda,
ukafikiri,
ukatua. Hamsini.
Miaka yote ile ya mvua na mavi ya popo
haikujifunza kudanganya.

Tukaweka lumbesa.
Mia moja ishirini na sita.

Hakuna aliyepiga kigelegele.
Kila mtu alikuwa kimya, akirudi nyuma
msimu baada ya msimu,
akitoa themanini.

Siku hizi lori halipakii Okapel kabla ya kupita jukwaani.
Mimi nashika daftari.
Paa tumeliezeka upya, ya kanisa tumesamehe.
Kwenye dirisha la tiketi kuna sola, na simu za watu zikichaji,
na machungwa yaliyochubuka hukaushwa
juu ya meza ya stesheni masta,
ambaye, tukimfufua, angetufukuza sote.

Mwaka jana reli ikaamka.
Treni ya mizigo hupita kwenda Gulu,
Jumanne, na siku nyingine inapojisikia.
Haisimami.
Akaja afisa mwenye makaratasi:
"maendeleo endelevu," alisema mara sita, nilihesabu.
Asekenye akamuuliza,
"Ni yale yasiyoondoka na aliyeyaleta?"
Akaandika. Kisha akaomba takwimu,
nami nikampa daftari.
Alifungua, akafunga, akafungua tena.
Ili treni isimame, alisema,
mmepungukiwa tani nne kwa wiki.

Tani nne! Nimezigawa ubaoni na darasa la sita:
ni magunia thelathini na mbili, na kasoro kidogo.
Ng'ambo ya kinamasi wana mihogo na hawana mizani.
Tumewatumia salamu.

Jumanne iliyopita Asekenye alipanda mwenyewe,
miguu peku, akanitazama:
"Andika."
Sindano ikaanza kutikisika kabla hatujasikia kitu,
maana mizani huijua treni kabla ya masikio.
Ikapita: vumbi, chuma, dereva asiyegeuka.
Tulikaa tukingoja ipotelee huko
ili mkono utulie.

Sitini na moja, nikaandika.
Mwaka wa kuoza alikuwa hamsini na tatu.