Kulaza

Somo la kwanza lilikuwa mikono.
"Nawa," alisema Limi. "Karata zangu hazitanuka dagaa."
Nikanawa kwa kipande cha sabuni
nyuma ya duka lake la nyavu, Kirumba,
umeme umekatika, taa ya chemli juu ya ndoo,
Bwire akihesabu vifuniko vya soda, ishirini kwa kila mtu.
"Pesa mtaweka mkishajua kupoteza."

Shupaza, kopa, uru, pau:
hizo nilizijua tangu shule.
Lakini poka ilinikuta mgeni.
Mbili zako, zifiche.
Tano ni za wote, zinafunuliwa mezani,
tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano,
na kila hatua unaulizwa:
unafuata, unapandisha, au unalaza?

Mimi nilifuata. Kila mara nilifuata.
Ningemwachaje bibi wa kopa
baada ya kutembea naye mpaka karata ya nne?
Ilipofika saa nne usiku vifuniko vyangu
vilikuwa vimehamia kwa Bwire, vimepangwa kama sangara barafuni.

"Wewe," Limi akasema, "unapenda mno kujua mwisho.
Mwisho unauzwa ghali."

Kisha akafundisha uso.
"Ukishika ree unaacha kupumua. Pumua.
Na usizikodolee karata, hizo zimeshakuja.
Tazama watu."

Nikatazama watu.
Bwire akiwa na kitu huuliza saa.
Masatu hukohoa, hata asipokuwa na kitu,
kwa hiyo Masatu hasomeki.
Limi alinichukua wiki tatu:
akizuga, kidole gumba husukuma pete ya marehemu,
nusu mzunguko, basi.
Sikumwambia mtu. Nilivuna vifuniko tisa.

Alhamisi moja nikawahi.
Rafu za juu zilikuwa tupu,
maboya hayapo, mzani haupo kwenye msumari wake,
upepo wa ziwa unaingia na kutoka bila kugusa kitu.
"Biashara vipi?"
"Inakwenda. Mzigo unashuka keshokutwa."
Pete ikazunguka nusu.

Na mimi nilikuwa na mkono mzuri:
nilishaiona karatasi ya mwenye nyumba mlangoni,
nilishasikia ya benki, kwa Masatu, katikati ya kikohozi.
Ningeweza kupandisha.
Ningeweza kusema, haya, tufunue.

Nikavuta ndoo.
Nikapumua.
Nikakumbuka, nikainuka tena, nikanawa mikono.

"Gawa," nikamwambia.