Alama za Gumba

Nilifika Ikombe na daftari jipya,
nikauliza: kijiji hiki kilianza lini?

Bi Tupokigwe hakuinua uso.
Alikuwa akilainisha mdomo wa chungu
kwa kokoto iliyong'aa kama jino.

"Ziwa lilipanda," akasema mwishowe,
"mama akiwa na mimba yangu.
Jiko letu liko pale,
watoto wanapopiga mbizi."

Nikatazama. Maji tu,
na mlima umelala chali ndani yake.

Lugano akaibuka, meno yakigongana,
mkononi kigae cheusi.
Bibi akakipangusa kwa upindo wa khanga,
akaniwekea kiganjani:
ukingoni, alama za gumba, safu nzima.
Nikajaribu gumba langu.
Halikuingia.

"Huyo ni bibi Sekela. Mtu wa shoto.
Tena siku hiyo alikuwa na haraka,
ona, hapa ameruka."

Kwenye daftari palikuwa na tarehe ya leo, basi.

Mwenye mtumbwi wa Matema akanipigia mluzi.
Nikauliza bei ya kigae.
Bi Tupokigwe akacheka, akampa Lugano,
naye akakirusha mbali, kwenye kina.

"Kesho atakitafuta tena,"
akasema,
akaurudia udongo wake
uliokuwa umeanza kukauka.