Hayupo

Dundee, Januari. Saa kumi kasorobo jioni
na jua limeshafunga duka.
Mbele yangu kijiti cha pamba, cha tatu kwa mtu yuleyule:
jina sikupewa, ni namba na mwaka wa kuzaliwa,
na mwandiko wa daktari uliolalia upande:
"Dereva wa lori la chumvi, zamu za usiku.
Bado anaungua akikojoa."

Mara mbili mashine ilisema hasi.
Mara mbili nikatia sahihi.

Mashine haikudanganya, niitetee.
Inamjua kisonono kwa kipande kimoja cha herufi,
kama bawabu aliyepewa picha moja ya mwizi.
Iliulizwa: yupo mwenye alama hii?
Ikapekua, ikarudufu, ikapekua tena, mizunguko arobaini,
ikajibu kwa adabu:
hayupo.

Ishbel Geddes, aliyebakiza miezi minane astaafu,
hasemi sana. Alisukuma sahani mezani kwangu:
"Mwoteshe."
Agari ya chokoleti, isiyo na chokoleti hata chembe,
ni damu ya farasi iliyopashwa moto mpaka ikawa kahawia.
Tukaifungia mtungini pamoja na mshumaa;
mshumaa ukala hewa, ukafa,
na katika pumzi ya mshumaa uliokufa
ndimo anamopenda kuota.

Siku mbili.
Theluji ikaanguka, ikawa matope, ikaganda tena.
Kisha vidoa vya kijivu, vinang'aa kama mate.
Nikadondosha tone la dawa.
Zambarau,
kabla sijahesabu kumi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hawakumjua huyu.
Barua ya Edinburgh ilifika wiki ya tatu:
pale tulipozoea kumtambua
amevaa kipande cha binamu yake,
yule wa kooni, wa homa ya uti wa mgongo.
Walikutana wapi? Kwenye koo la nani, kwa busu gani?
Akaazima, akajifunga kiunoni, hakurudisha,
na ikamsitiri barabara,
akatupita mlangoni huku akitusalimu.

Siku hizi tunauliza maswali mawili.
Naye ana muda. Kizazi chake ni saa moja,
changu ni miaka thelathini na mkopo wa nyumba.

Lakini zile karatasi mbili.
Moja, kliniki walinieleza, ilikunjwa ikatiwa pochini,
ikafunguliwa jikoni kwa mwanamke fulani:
Soma. Niko safi.
Akasoma. Chini kabisa palikuwa na sahihi yangu,
na sahihi yangu haikuwa sahihi.

Usiku malori ya chumvi hupanda Barabara ya Perth
yakitapika punje juu ya barafu.
Nasimama dirishani, chai inapoa mkononi.
Sijui lake ni lipi. Naye hanijui.
Yanapita polepole,
taa ya rangi ya chungwa ikizunguka darini mwangu,
ikizunguka, ikitafuta.