Mafuta Yanapopishana

Saa nane usiku Kibaigwa, malori ya mahindi yamezima taa,
nami nahesabu matone.
Bureti iko mbele ya uso wangu, imejaa magadi makali,
chini yake chupa: mafuta ghafi, spiriti, kiashiria kisicho na rangi.
Tone. Natikisa. Tone. Natikisa.
Rangi ya waridi inakuja kama aibu, inakimbia.
Tone moja zaidi,
na sasa imekaa.
Nahesabu hadi thelathini. Imekaa.
Naandika: tanki la tatu, tindikali imepanda.
Ni alizeti ya Mlali, ilinyeshewa ghalani.
Hezroni wa mapokezi alisema kavu, akaapa kwa watoto wake.
Bureti haiwajui watoto wa Hezroni.

Mama yangu, Perisi Chidong'o wa Sagara,
alipima kwa ulimi.
Alikamua kwa mashine ya mkono, mpini mrefu kuliko mimi,
akiulalia kwa uzito wake wote, akishuka, akipanda,
mafuta yakatoka meusi, mazito, yenye kelele puani,
dumu moja tangu alfajiri mpaka mbuzi warudi.
Mengine yakabaki ndani ya mashudu,
wakala nguruwe wa jirani, wakanawiri.

Hapa hatubakizi.
Heksani hupita kwenye mashudu kama mpelelezi,
hurudi na kila kilichofichwa;
tunaichemsha itoke, tunaipoza, tunaiita tena kazini.
Ikipotea lita, mhandisi Nyemo halali.
Ni kimiminika chepesi, hakina subira na cheche:
simu tunaziacha getini,
na viatu vyetu havina msumari hata mmoja.

Kisha huanza kazi ya kuondoa.
Maji ya moto huondoa utomvu. Magadi huondoa tindikali.
Udongo mweupe humeza rangi.
Baridi, usiku kucha, hugandisha nta
mpaka ionekane kama ukungu wa Juni juu ya milima ya Mpwapwa.
Mwishowe mvuke, ndani ya ombwe, nyuzi mia mbili na arobaini,
huondoa harufu.

Nilimpelekea mama chupa ya kwanza.
Akafungua, akanusa, akanusa tena,
akanitazama kama niliyemletea mtoto asiye na jina la ukoo.
"Haya ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli sina hata leo.
Najua tu kwamba yake yalichacha mwezi wa pili,
na haya huvuka kiangazi yakiwa yale yale.
Lakini yeye hakuuliza hilo.

Mwaka huu Nyemo amefunga kibadilisha joto kipya:
mamia ya mabamba membamba, yamebanwa kama kurasa.
Upande huu yaliyoiva yanatoka,
upande ule mabichi yanaingia,
yanapishana, hayagusani,
na yanayotoka yanayaachia yanayoingia joto lake.
Boila imepungukiwa na njaa.
Zamani ilikula lori zima la kuni za Kiteto kila wiki;
sasa maganda ya alizeti yenyewe yanatosha,
na mengine tunawapa wafuga kuku.
Niliposhika bomba lile, hata kwa glavu,
nikakumbuka mpini mrefu,
ulivyokuwa na uvuguvugu wa viganja vyake
kila aliponiachia zamu akapike.

Na tindikali tunayoitoa haitupwi.
Ikikutana na magadi ni sabuni,
rangi ya tope la Bahi, mbaya machoni.
Jumamosi nilimpelekea kipande kwenye gazeti.
Akanawa mpaka viwiko, akainusa mikono yake,
mmoja, kisha wa pili.
"Hii naijua," akasema. "Mnaiuza shilingi ngapi?"

Hatuiuzi bado. Nyemo anasubiri kibali.

Saa tisa na robo. Tanki la nne.
Tone. Natikisa.