Mbavu za Chelewa

Mwalimu Shekue kaniletea picha:
bibi wa Kireno, kiuno kama shingo ya mrashi.
"Fundi, nataka koseti kama hii. Mchezo ni Ijumaa ya pili, Ngomeni."
Miaka kumi na tisa nashona sare za shule;
sijaambiwa hata siku moja
nipunguze pumzi ya mtu.

Marduf nilipata Barabara ya Biashara, yadi mbili na nusu,
ngumu, yanuka wanga na godauni.
Mifupa ndiyo iliyonikosesha usingizi.
Maelezo yake yalitaka mfupa wa nyangumi.
Nyangumi namtoa wapi, Kibokoni?
Nikajaribu kanda za plastiki zifungiazo maboksi bandarini,
zikajikunja kwa joto la mwili kama masikio ya mbwa.
Ndipo nikauona ufagio nyuma ya mlango.

Chelewa sita sita, nikazikata ncha,
nikazilaza majini usiku kucha,
nikazitia kila fungu katika njia yake.
Wifi yangu Mwanakheri akaja kufagia ua.
"Ufagio u wapi?"
"Umekuwa Mreno."

Macho ishirini na manne: fundi viatu wa Marikiti
alitaka shilingi kumi kila tundu,
tukaafikiana saba, na gidamu bure.
Mwalimu akapiga simu: "Fundi, chelewa chelewa..."
Nikamkatiza. "Ndizo nazishona," nikamwambia,
nikaweka simu chini ya vitambaa.

Umazi alipojaribu alicheka,
kisha akaona kicheko hakina pa kupita.
Akasema maneno yake: "Ngome hii haitoki mko..."
Pumzi ikaisha hapo.
Mwalimu akapiga makofi. "Hivyo hivyo! Kama mtu aliyezingirwa!"
Mimi nikatia chaki: inchi mbili, nitalegeza.

Usiku nikaivaa mwenyewe, eti nijue pauma wapi.
Mwanakheri akavuta gidamu, goti lake mgongoni mwangu,
na mwili ukakumbuka kabla yangu.
Mkaja.
Mikono hii hii ya wifi, bafta nyeupe
toka chini ya matiti hadi nyongani,
uji wa pilipili manga, maji ya moto,
arubaini nzima nilifungwa
ili tumbo lirudi mahali pake,
na mtoto alishaondoka siku ya tisa.
Hatukuacha kufunga. Nani angetwambia tuache?

Vidole vyake vikasimama jicho la kumi na moja.
"Nilegeze?"
"Ngoja kwanza."
Tukasimama hivyo, taa ya cherehani inawaka,
hata adhana ya alfajiri.

Ijumaa nilikaa safu ya nyuma kabisa.
Umazi alisema maneno yote hadi mwisho,
akainama kushukuru watu,
na katikati ya makofi nikasikia, mimi peke yangu,
chelewa moja ikikatika: ka!
upande wa kushoto, chini ya moyo,
pale nilipokuwa nimeshona mara mbili.