Pikapu

Mwanjelwa, ukiuliza bei ya pikapu
watu wanakuonyesha magari.
"Ya Chunya au ya Tunduma?" aliniuliza kijana mmoja,
mkono tayari uko mlangoni.
Nikamwambia yangu ni ndogo, inaenea kiganjani,
ina sumaku na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele,
kazi yake kusikiliza nyuzi.
Akanitazama kama mtu aliyeamka na homa.

Ni Julai. Loleza amejifunika blanketi hadi kidevuni
na vidole vyangu vimekuwa vya mtu mwingine.

Gitaa nimelirithi kwa Kibona
aliyewapigia besi kwaya ya Itiji miaka kumi na tisa
bila kuinua uso.
Besi yake ilikuwa na tope,
nene, ya kahawia,
kama njia ya kupanda Kawetere mwezi wa tatu:
unapita, lakini nusu ya njia unaondoka nayo viatuni.
Na kabla ya noti ya kwanza, mvumo.
Nyuki waliohamia humo sijui lini,
wakiamka kila taa za mirija zikiwashwa.

Sasa tunarekodi. Mwalimu Tumpale amesema
nyuki hawamo kwenye orodha ya waimbaji.

Fundi Angolwisye, nyuma ya duka la mbolea pale Kabwe,
alitandaza gazeti, akaweka mbili.
Moja mpya, bado imo kwenye nailoni.
"Hawa ni mapacha," akasema. "Koili mbili,
zimezungushwa kinyume. Kelele ikiingia
mmoja anasema ndiyo, mwenzake anasema siyo,
inafia katikati kama kesi isiyo na shahidi."
Akaiunga kwa nyaya za muda. Nikagonga uzi wa nne.
Safi.
Safi mno, kama sakafu ya benki.
Kila noti ilisimama peke yake na kitambulisho chake.

Ya pili ilitolewa kwenye gitaa la bendi iliyovunjikia Makambako;
wengine wanasema deni, wengine wanasema mpiga tarumbeta.
Mita ikasoma elfu tisa na ushei.
"Waya mwingi," akasema. "Inashiba, ila imesahau kupanda."
Nikaijaribu. Kweli, ilijaza chumba
mpaka vikombe vikajibu rafuni,
lakini ukiniuliza nilipiga noti gani
ningelazimika kutazama vidole.

Nikarudi kwa mapacha.
Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa na usafi wao
fundi alipochukua bisibisi
akawashusha, kidogo tu, unene wa sarafu,
mbali na nyuzi.
Wakaanza kupumua.
Magunia matatu ya viazi vya Uyole yakaenda hapo.

Kilibaki kifuniko.
Kile cha zamani kina kishimo
Kibona alipokuwa akilaza kidole gumba,
na gumba langu limejifunzia humo humo.
Fundi akapima. Hakilingani.
Hakuuliza kwa nini nimenyamaza.
Akachukua tupa, akakipanua kwa ndani
mpaka giza likaingia na chai ikapoa,
akapuliza vumbi jeusi, akachomea risasi,
akafunga skrubu nne, moja si ya ukoo huo.

Jumapili nikachomeka waya.
Kimya.
Mama Kibona, safu ya sauti ya pili,
akageuka kabla ya wimbo,
akatazama spika, kisha mimi.
"Umeme umekatika?"
"Upo, mama."
Nikagonga noti moja, chini kabisa, kumhakikishia.
Akaisikiliza hadi ilipoisha,
akarudi kwenye kitabu chake
na hakufungua ukurasa.

Ile ya zamani imo mfukoni mwa koti.
Usiku, nikifika nyumbani, natafuta ufunguo
naukuta umegandia humo,
mpaka niubandue.