Shubiri Moja

Nilikujua kwa harufu kabla sijakuona.
Nilifungua kabati kutafuta joho la arusi ya Thuwaiba,
ikanipiga puani: mkate uliosahauliwa mfukoni.
Na shati jeupe la Masoud, lile la Ijumaa,
lina madoa ya kijivu begani
kana kwamba mtu kamshika kwa mkono wa majivu.

Hukubisha hodi, koga wewe.
Umepita nyuma, ukutani,
kwenye zege lililokwisha kunywa masika hamsini za Michenzani
na bado halijasema basi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe nimekupa siki.

Siki chupa nzima, maji kidogo,
na mswaki mkuukuu wa Masoud
(mkuukuu kwangu mie; yeye alikuwa bado anautumia).
Nikajifunga kanga puani, madirisha yote wazi,
nikakusugua pembeni, kwenye bawaba,
chini ya droo ambako mkono wangu haujafika
tangu kabati hili lilipopandishwa ghorofa ya tano
na wanaume wanne waliokuwa wakitukana kwa adabu.

Nilitaka kukumwagia jiki.
Bi Mwanakhamis wa mlango wa pili akanizuia:
"Jiki itakuondolea rangi tu. Mzizi umo ndani ya mbao, unacheka."
Akanipa mkaa kwenye kopo la maziwa, niuweke chini,
unywe unyevu badala ya nguo zetu.
Akanipa na karafuu za kwao Mtambile, fumba mbili.
"Hizi haziui kitu," akasema.
"Hizi za kukusahaulisha."

Jua la Aprili halina ahadi.
Linatoka, naanika. Linajificha, naanua.
Mara nne nimepanda na kushuka na beseni kichwani,
watoto wa chini wakihesabu.
Joho limepona. Shati limebaki na doa moja,
dogo, kama punje ya mtama,
na Masoud kalivaa hivyohivyo, akaenda msikitini.

Siku zote nilimlaumu Bi Shara wa juu:
bomba lake, choo chake, mdomo wake.
Kumbe tulipolivuta kabati, sote wawili, tukihema,
ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa umbo la kabati lenyewe,
mlango kwa mlango, mguu kwa mguu.
Nani alilibana pale lisipumue?
Masoud alinyamaza. Alikuwa na haki ya kusema.
Mie ndiye niliyetaka nafasi
cherehani yangu ipate kukaa karibu na dirisha.

"Shubiri moja itatosha," nikasema, nikatandaza vidole.
"Shubiri ya nani?" akauliza,
akaweka wake juu ya wangu, mrefu kwa pingili nzima.
Tukapima kwa wake.
Cherehani sasa iko ukumbini, kila apitaye anaigonga.

Usiku naamka, napenyeza mkono nyuma ya kabati.
Ukuta baridi. Hewa ipo, nyembamba,
inapita kama mtu anayeogopa kuamsha watoto.
Sikugusi. Sikunusi.
Juu yangu bomba la Bi Shara
linadondosha tone, linafikiri, linadondosha jengine,
na leo ndiyo kwanza mwezi tisa Aprili.